Mipmapu si kifupi cha Kiingereza jamani

Vijana wa hapa Lamu wanaotengeneza gemu na modeli za 3D wakikaa barazani hawakosi kubishana juu ya jina mipmapu, yaani zile nakala ndogondogo za picha moja zinazotayarishwa kwa ajili ya vitu vya mbali, mwengine atakwambia ni kifupi cha Kiingereza, mwengine ati ni jina la jamaa aliyeivumbua. Siyo. Hiyo "mip" ni Kilatini, multum in parvo, yaani vitu vingi mahali padogo, na aliyeichagua ni Lance Williams mwaka 1983 kwenye andiko lake la Pyramidal Parametrics.

Na mie naona alilenga penyewe. Chukua picha ya mlango wa nakshi wa mji wa kale, pikseli 1024 kwa 1024, ibandike kwenye nyumba ya gemu. Ukiwa karibu, safi kabisa. Sasa rudi nyuma mpaka mlango mzima ukae kwenye pikseli chache tu za skrini, hapo kompyuta inaokota pikseli mojamoja, hapa ua, pale kivuli, ukisogea kidogo inaokota zengine, ndo unaona mlango unametameta kama una wazimu. Dawa ya Williams ni kuitayarisha picha mapema, 512, halafu 256, 128, hivyo hivyo mpaka ibaki pikseli 1, kila pikseli ni wastani wa nne za picha iliyotangulia, na mlango ukiwa mbali inatumika ile ndogo. Memori inayoongezeka kwa zote hizo ni theluthi tu ya picha ya kwanza, maana ni robo, na robo ya robo, na robo yake tena, jumlisha utakavyo haipiti hapo. Yeye hata alipanga rangi za picha, nyekundu, kijani na buluu, kila moja na pembe yake ndani ya mraba mmoja, zile ndogo zikabanana kwenye pembe ya nne. Sasa jina gani lengine lingefaa?

Kuna wanaotaka tulitafutie Kiswahili kwa nguvu, mie sikubali. Nahodha ni neno la Kiajemi na sijasikia baharia akililalamikia.

Linaloniudhi ni hizi video za mafunzo, wanakwambia weka tiki kwenye mipmapu, basi, hawaelezi jina wala kazi yake, ndo mtu anaizima ati gemu iwe nyepesi, anaokoa robo ya memori yote ya picha pamoja na nakala zake, halafu simu inazidi kuwa nzito kwa sababu inasomasoma picha kubwa hata kwa kitu kilicho mbali huko.