Fomu Inataka Dole Gumba

Nimerudishiwa fomu ya madai ya fidia. Safari hii eti "maelezo ya ajali hayajitoshelezi". Nimeandika: mlango wa chuma wa stoo umenibana dole gumba la mkono wa kulia. Sasa niyatoshelezeje, jamani? Niandike na nia ya mlango? Mlango ulijifunga, kidole kilikuwepo, nikapiga ukelele ambao nadhani hata waliokuwa likizo waliusikia. Habari imeisha.

Lakini haya nyinyi mnayajua. Anayedhani tabu ni kuumia kazini, huyo hajaumia kazini. Kuumia ni kufumba na kufumbua. Tabu inakuja kwenye kuthibitisha.

Sanduku la huduma ya kwanza lipo, lina kufuli, mwenye ufunguo kasafiri. Juu yake bango: USALAMA KWANZA. Msimamizi wangu alikuja mbio, nikasema afadhali, ndugu yangu kafika, kumbe anakuja kuangalia kama mlango umepinda. Na wenzangu je? Ilipofika sehemu ya majina na sahihi za mashahidi, kila mmoja akakumbuka kwamba dakika ile alikuwa msalani. Wote. Na choo chenyewe ni kimoja. Mmoja akanivuta pembeni, akaninong'oneza, "Kaka, mimi nakuombea, ila mkataba wangu unaisha mwezi ujao." Huyo nilimwelewa, ndiyo maana sikumtukana.

Basi nikaenda ofisi ya madai. Nilivaa vizuri, nikasimama kwenye foleni kwa heshima zote za majeruhi wa kazi, kifua mbele, mkono nimeuinua juu kidogo ili usigongwe, na pia ili uonekane. Zamu yangu ikafika. Karani ni binti wa rika la mwanangu mkubwa, adabu tele.

"Shikamoo baba. Pole sana."

"Marahaba mwanangu. Nimeshapoa."

"Tia sahihi hapa."

Nikamwonyesha mkono. Dole gumba limezungushiwa bandeji hadi limekuwa kama kichwa cha mtoto mchanga aliyevishwa kofia. Akalitazama, akasikitika kwa dhati kabisa, akanisogezea kalamu. Kalamu yenyewe imefungwa kamba isiibwe, na kamba imekatwa fupi, kwa makadirio ya mtu anayeandikia mkono wa kulia. Nikageuka ubavu, nikaishika kwa kushoto, nikainama, nikaandika jina langu. Kilichotoka pale hata mimi mwenyewe kilinishtua.

"Baba, sahihi hii hailingani na ile ya kwenye faili."

"Ile ya kwenye faili niliiweka nikiwa mzima."

"Sasa tutajuaje kama ni wewe?"

"Mwanangu, mwizi gani ataamka asubuhi aje kudai dole gumba lililosagika la mwenzake?"

Akacheka. Nikaona nimeshinda. Akafungua droo, akatoa kidau cha wino. "Usijali baba, kuna utaratibu wa wasioweza kusaini. Weka alama ya dole gumba la kulia."

Nikamtazama. Akanitazama. Halafu wote wawili tukalitazama dole gumba.

"La kulia?"

"La kulia."

"Hili?"

Akaisoma fomu upya, nadhani akitumaini imebadilika. "Fomu inasema la kulia, baba."

"La kushoto je? Lipo, ni zima, na leo halina shughuli."

"La kushoto mfumo utalikataa."

Mfumo! Siku hizi ukitaka kumnyima mtu haki yake bila kugombana naye, unamsingizia mfumo. Binti akaenda kumwita mkubwa wake. Mkubwa akaja taratibu, miwani kaishusha puani, akaizunguka bandeji kwa macho, akauliza kwa sauti ya upole, "Haiwezi kufunguliwa kidogo?"

Kidogo! Hapo ustaarabu ukaanza kunitoka. Nikamwambia, mheshimiwa, nikilifungua hili hapa mezani alama utaipata, tena kubwa, ila haitakuwa ya wino.

Foleni ikaangua kicheko, na hapo kila mtu akapata la kusema. Bwana mmoja mwenye magongo akasema yeye mguu ulivunjika, akaambiwa barua yake aipandishe mwenyewe ghorofa ya nne, lifti mbovu. Mama mmoja masikio yake yameharibiwa na kelele za mashine, ndilo dai lake, tena vyeti anavyo. Wamemwita jina, hakusikia, wamemrudisha mwisho wa foleni.

Uamuzi wa mkubwa: nirudi nikishapona. Na nikishapona? "Tutaangalia kama kuna ulemavu." Na ile tarehe ya mwisho ya kuwasilisha dai? "Hiyo haisubiri."

Jamani, mimi hapo nilichoka. Nilichoka kwelikweli, si kwa mzaha. Maana hili jambo wakubwa walishalimaliza zamani. Ujerumani ilitunga sheria ya bima ya ajali kazini mwaka 1884, enzi za Kansela wao Bismarck. Uingereza ikafuata na yake mwaka 1897. Mwaka 1925 Shirika la Kazi Duniani nalo likapitisha mkataba wa fidia kwa ajali za kazini, kule Geneva. Wazo lililoenea ni moja: mtu akiumia kazini alipwe, bila kwanza kuhangaika kuthibitisha kwamba mwajiri ndiye mwenye kosa. Naye mfanyakazi, mahali pengi, anasalimisha haki yake ya kumburuta mwajiri mahakamani. Nipe nikupe, mapatano ya watu wazima. Mimi yangu nimeshatoa. Nilichopewa ni kalamu ya kamba fupi.

Maharamia walikuwa na nafuu! Wale wanyang'anyi wa bahari ya Karibi, karne ya 17, walikuwa wanaandikiana kabla hawajang'oa nanga: mkono wa kulia ukikatika, vipande 600 vya fedha, wa kushoto, 500, jicho, 100. Na majeruhi alilipwa kwanza, ndipo ngawira igawanywe. Watu wa kuchinja na kuchoma merikebu, hao. Sijasikia haramia aliyeambiwa alete jicho lenyewe kama kiambatisho.

Daktari aliyenijazia cheti naye aliniuliza maumivu ni kiasi gani, kuanzia moja hadi kumi. Nikasema tisa. Akaandika "ya wastani". Ila huyo sina ugomvi naye, kwa sababu ndiye aliyenifumbua macho kwamba kwenye majedwali ya ulemavu kila kiungo kina asilimia yake, na dole gumba huthaminiwa kuliko kidole kingine chochote cha mkono. Miaka yote hii nalitumia kusukuma video kwenye simu, sijui kwamba natembea na mali.

Na umuhimu wake sasa ndio nauona. Vifungo vya shati, dole gumba. Zipu, dole gumba, na hiyo ya zipu naomba tusiizungumzie. Mkasi, ufunguo, kukamua dawa ya meno. Halafu kuna hii chupa ya vidonge vya maumivu, mfuniko wake umeandikwa: bonyeza huku ukizungusha. Umetengenezwa makusudi mtoto asiweze kuufungua. Nimeubonyeza kwa kiwiko, nimeuzungusha kwa meno, nimeibana chupa kwa magoti ikaruka hadi chini ya kabati. Kitinda mimba wangu, ambaye hata shule hajaanza, akaingia uvunguni, akatoka nayo, akaifungua, akanipa kidonge. Nikamwambia ahsante sana baba, iache hapo hapo. Kumbe ameshaifunga barabara na ameshatoka kwenda kucheza. Na daktari ameandika viwili.