Bisi tamu zenye pilipili tupike wenyewe, viungo tunavyo

Mie hili nalisema waziwazi, sioni sababu ya mtu anaeishi Unguja au Pemba kununua ule unga wa ladha wa paketi akaunyunyizia kwenye bisi eti ndo zipate utamu na ukali. Iliki ipo, mdalasini upo, pilipili ipo, ndimu usiseme, sukari kila nyumba, na kikubwa zaidi shira, ile sukari inayochemshwa na maji mpaka ikawa nzito, tunaijua tokea zamani. Mtu anaejua kupika kaimati na visheti hizi bisi ashazijua nusu, imebaki nusu nyengine tu na hiyo ndo nataka kuieleza hapa mana ndipo wengi wanapoharibu.

Kwanza wale wanaosema sukari na pilipili haviendi pamoja. Jamani, na ubuyu tunaokula je? Ubuyu si sukari, iliki, vanila na pilipili vimegandishiwa kwenye mbegu? Mtoto wa skuli anamumunya ubuyu huku pua inamtoka makamasi kwa ukali na bado anatia mkono kwenye mfuko kuchukua mwengine. Embe bichi la chumvi na pilipili, achari, urojo wenye ukali wa embe na chatne juu yake, ulimi wetu sie umelelewa hivo. Kwahivo bisi za namna hii si kitu cha kuiga kwa watu, ni ladha yetu tunaitia kwenye mahindi.

Sasa mahindi yenyewe. Nunua mahindi ya bisi, yale madogo magumu, si haya ya kupikia ugali wala ya kuchoma, haya hayafanyi kitu. Punje ya bisi ina ganda gumu sana na ndani yake kuna unyevu kama asilimia 14 hivi, ukipata moto ule unyevu unageuka mvuke, mvuke unakosa pa kutokea mpaka joto likifika nyuzi 180 ganda linashindwa, linapasuka na wanga wa ndani unatoka nje unafura. Ndo mana mahindi yaliyokaa wazi miezi dukani yanakuletea punje tele zilizogoma chini ya sufuria, unyevu ushatoka huo. Ukinunua tia kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana.

Kuzipasua hakuna maneno mengi. Sufuria yenye kitako kizito, vijiko vitatu vya mafuta, tia punje tatu za kujaribia, zikiripuka tia nusu kikombe cha mahindi na ufunike, lakini kifuniko kiache upenyo kidogo mvuke utoke mana mvuke ukibaki ndani bisi zinakuwa ngumu za kutafuna. Tikisa tikisa. Mripuko ukipungua mpaka unasikia mmoja mmoja, epua, mimina kwenye bakuli kubwa na zile zilizogoma zitoe zote, usizionee haya, zitamvunja mtu jino zikishapakwa sukari.

Haya, shira. Hapa ndo pana kazi. Watu wengi wanapika shira ya kaimati, wanaimwagia kwenye bisi, wanashangaa bisi zimesinyaa zimekuwa mkate wa jana. Sababu ni moja tu, shira ya kaimati bado ina maji mengi, na kaimati ni unga uliokaangwa inayahimili, bisi haiwezi, bisi ni wanga mkavu uliojaa hewa, ikiguswa na maji inayanywa pale pale na inajikunja. Kwahivo shira ya bisi lazma uende nayo mbali zaidi. Nusu kikombe cha sukari, robo kikombe cha maji, ndimu ukamue matone machache, weka moto wa wastani na ikishaanza kuchemka usiikoroge. Zile ndimu mabibi zetu wanazotia kwenye shira zina kazi yake, ule ukali unaivunja sukari isirudi kuwa chenga chenga. Kuikoroga nako kunairudisha kuwa chenga, kwenye visheti ndo tunavotaka ili vipate ule weupe, kwenye bisi mie nataka ing'are na ikatike ukiuma.

Angalia mapovu. Mwanzo yanakuwa makubwa na ya haraka haraka, baadae yanakuwa madogo, mazito, yanapanda pole pole na rangi inaanza kuwa ya asali changa pembeni mwa sufuria. Weka kikombe cha maji baridi karibu, dondoshea tone moja la shira. Likivutika ukilishika, bado. Likiwa gumu na ukilibonyeza linavunjika, tayari, hapo maji yameshatoka karibu yote. Usiondoke hapo jikoni hata kama simu inalia, kutoka hapo mpaka kuungua ni kitambo kidogo sana, na watoto wakae mbali kwa sababu sukari ya moto ikimgusa mtu inaganda kwenye ngozi na inaendelea kuunguza, maji ya moto ni afadhali.

Nusu nyengine niliyosema ni pilipili. Nimeona watu wengi wanapika bisi vizuri halafu mwisho wanarushia pilipili ya unga juu. Haikai. Inashuka yote chini ya bakuli, juu unakula bisi tamu tu na wa mwisho ndo anapata adhabu, tena ule unga mkavu unamkaba mtu koo anakohoa badala ya kusikia ladha. Ule ukali wa pilipili hauyeyuki kwenye maji, unayeyuka kwenye mafuta. Basi yeyusha vijiko viwili vya samli, epua kabisa motoni, halafu ndo utie kijiko cha chai cha pilipili, nusu kijiko cha iliki, mdalasini kidogo na chumvi, acha vikae vinywe samli wakati shira inaiva. Ukitia pilipili kwenye samli iliyo motoni bado nyumba nzima itakohoa mpaka jirani.

Na hivyo viungo utwange mwenyewe. Iliki toa maganda, utie mbegu kwenye kile kinu kidogo cha kitunguu thomu (kioshwe vizuri kwanza, tafadhali), ponda na sukari kidogo mpaka uusikie ule mnukio unapanda. Iliki ya unga iliyokaa rafu miezi haina kitu ndani yake. Pilipili mie natumia kavu za kutwanga, mbichi ina maji na maji tushasema hatuyataki. Karafuu, na hili nalisema mie mtu wa Pemba nnaeipenda karafuu, tia moja tu iliyosagwa au usitie kabisa, ikizidi inatia ganzi ulimi na iliki huisikii tena.

Shira ikiwa tayari epua, mimina samli yenye viungo, koroga mara moja, tia bisi na ugeuze haraka kwa miko miwili kutoka chini kwenda juu. Zimwage kwenye sinia ulilolipaka samli na uzitenganishe zingali moto. Zikipoa zinalia ukizitafuna.

Sikukuu watoto wakienda kwenye viwanja vya Tibirinzi huku Pemba au Kariakoo ya Unguja, bisi nyingi wanazouziwa ni za chumvi tu au za sukari yenye rangi kali, na mzazi analipa bila ya kuuliza. Mie naona kina mama wanaofanya biashara ndogo ndogo wangezijaribu hizi, zina ladha ya kwetu, malighafi yake haina gharama kubwa na hata mgeni anaetoka kutembezwa mashamba ya viungo Kizimbani angenunua. Za watoto wadogo punguza pilipili ibaki robo kijiko, iliki iache kama ilivo.

Tatizo letu kubwa ni hewa ya huku. Sukari inavuta unyevu, na visiwani unyevu haukosekani, bisi zikiachwa wazi usiku mmoja asubuhi zinanata. Zikishapoa kabisa, si vuguvugu, zitie kwenye kopo linalobana. Zikianza kulainika zirudishe kwenye oveni ya moto mdogo dakika kumi, ukizitoa ziache zipoe ndo zitakauka tena. Wakati wa masika usijisumbue kuziweka, pika za kula siku ile ile, khasa baada ya tarawehe kama Ramadhani imeangukia humo, na chai ya rangi isiyo sukari pembeni.