Mnadhimu Mkuu si naibu wa kukaimu

Juni 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alipomteua Jacob Mkunda kuwa Mkuu wa Majeshi na Salum Haji Othman kuwa Mnadhimu Mkuu wa JWTZ, picha zao zilitoka zikiwa zimepangwa bega kwa bega. Niliwasikia watu kadhaa wakimweleza huyo wa pili kuwa ni naibu tu, mtu wa kushika kiti mwenyewe akisafiri. Maelezo hayo hayatoshi, na naona yanatuficha nusu ya jeshi.

Neno lenyewe linaeleza mengi. Kunadhimu ni kupanga, kuweka vitu katika taratibu. Nidhamu imetoka shina hilohilo, na hata washairi wa zamani waliita tungo zao nudhumu. Bungeni nako yuko Mnadhimu Mkuu wa Serikali, ambaye hahutubii sana lakini anajua nani yumo ukumbini na nani hayumo. Jeshini, kamanda ndiye anayeamua na kuamuru, na lawama ni yake. Mnadhimu huuliza uamuzi huo utatekelezwa na askari wangapi, watakula nini, watapita wapi, na adui anajulikana kwa kiasi gani. Ndiyo maana Makao Makuu ya Jeshi yana matawi yanayoshughulikia utumishi, utendaji kivita na mafunzo, usalama na utambuzi, na ugavi, mbali na Kamandi za Nchi Kavu, Anga na Wanamaji ambazo ndizo zenye wapiganaji. Chuo cha Duluti, Arusha, kinaitwa Chuo cha Ukamanda na Unadhimu: kazi mbili, na ofisa anayetarajiwa kupanda hana budi kuzijua zote.

Vita vya Kagera tunavikumbuka kwa majina ya makamanda na kwa kauli ya Mwalimu ya sababu, nia na uwezo. Huo uwezo ndio niuzungumzie. Majeshi ya Idi Amin yalivamia mwishoni mwa Oktoba 1978 na muda si muda daraja la Kyaka likalipuliwa. Jeshi lilipaswa kusafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani, kwa reli hadi Mwanza, kisha kwa meli kuvuka ziwa, huku malori ya mashirika ya umma na ya watu binafsi yakichukuliwa kwa ajili ya vita, na mgambo, polisi na magereza wakiingizwa safuni. Marehemu mjomba wangu aliendesha lori moja kati ya hayo. Ukimuuliza habari za vita hakuanza na mizinga, alianza na karatasi: ilikuwa na mhuri, ikisema achukue mafuta mahali fulani, apakie unga, afike siku fulani na amtafute ofisa fulani. Kilichomshangaza, alisema, ni kwamba alipofika ofisa huyo alikuwepo kweli, na mafuta ya kurudia yalikuwepo. Yule aliyeiandika karatasi ile hatumjui jina, na Aprili 11, 1979 Kampala ilipoanguka hakuna aliyempiga picha.

Mkanganyiko huu unazidi tunapotafsiri habari za nje. Vyombo vyetu humwita kila mwanajeshi wa juu "mkuu wa majeshi". Kwa Israel ni sawa, kwa kuwa mkuu wa unadhimu wa huko ndiye hasa anayeliamuru jeshi. Kwa Marekani ni kosa: mwenyekiti wa wakuu wa majeshi ni mshauri, na tangu sheria ya 1986 amri hutoka kwa Rais kupitia Waziri wa Ulinzi hadi kwa makamanda wa kanda, bila yeye kuwa na mamlaka ya kuwaamuru wapiganaji. Wakenya nao, kabla ya Katiba ya 2010, walikuwa na cheo ambacho kwa Kiingereza kilimaanisha mkuu wa unadhimu, ingawa mwenye cheo hicho ndiye aliyekuwa mkubwa wa wote.

Sisemi haya kwa ajili ya lugha tu. Prussia, dola ya Kijerumani iliyoupa unadhimu sura yake ya kisasa baada ya kushindwa na Napoleon mwaka 1806, ilianza na wapangaji na washauri. Mwaka 1866 Moltke, mkuu wa unadhimu wa huko, akapewa ruhusa ya kutuma amri moja kwa moja kwa makamanda, kwa jina la mfalme, na kwa kipaji chake mambo yakanyooka. Lakini kufikia 1917 walioongoza unadhimu wa Ujerumani, Hindenburg na Ludendorff, walikuwa na sauti kuliko serikali yenyewe, na Mkataba wa Versailles, uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia, ukaamuru chombo hicho kivunjwe. Kwa hiyo napendelea mpangilio wetu, ambamo anayepanga yuko chini ya anayeamuru, na anayeamuru yuko chini ya Amiri Jeshi Mkuu aliyechaguliwa kwa kura. Ninachowaomba wahariri ni kidogo: siku Mnadhimu Mkuu mwingine atakapoapishwa, chini ya picha yake waandike mistari miwili ya kazi anayokwenda kuifanya, badala ya kuhesabu nyota zilizo begani mwake.