Harambee bila meza kuu

Miaka michache iliyopita nilihudhuria harambee ya kujenga bweni la wanafunzi wasioona katika shule moja ya msingi huku kwetu Kilimanjaro. Shule siitaji, maana yaliyofanyika siku ile nimeyaona sehemu nyingi. Meza kuu iliwekwa chini ya turubai, ikatandikwa kitambaa cheupe, ikapangwa maua na maji ya chupa. Mgeni rasmi alichelewa kwa saa mbili na nusu. Wazazi wa watoto wenyewe walikaa nyuma kabisa, kwenye mabenchi ya juani, na mmoja wao alikuwa mama mwenye ualbino aliyejifunika kanga kichwa na uso tangu saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana. Watoto walisimamishwa mbele wakaghani shairi la kuomba wahurumiwe. Kisha mshereheshaji akashika kipaza sauti: "Wa milioni moja na kuendelea, tunaanza nao!" Akashuka laki tano, akashuka laki moja, akashuka elfu hamsini. Alipofika elfu kumi mgeni rasmi alishaaga, na wapiga picha wakaondoka naye.

Pembeni yangu alikaa mama wa mmoja wa watoto wale. Alikuja na kuku, amemfunga miguu na kumlaza kikapuni. Hakuna aliyemuuliza. Jioni alirudi naye nyumbani. "Sikujua nimkabidhi nani, mwanangu," aliniambia tulipokuwa tunatoka getini.

Yule kuku amenikaa moyoni hadi leo. Harambee inayomrudisha mzazi nyumbani na mchango wake mkononi imeshindwa, hata kama mhazini amefunga daftari lenye mamilioni. Na mengi ya mamilioni yale yalikuwa ahadi. Niliingia kwenye kamati mwaka uliofuata, nikakabidhiwa orodha ya ahadi nizifuatilie kwa simu. Waliotangazwa kwa vigelegele ndio waliokuwa wagumu kupokea simu. Wa elfu tano walishalipa palepale.

Neno harambee lenyewe lina asili ya jasho. Ni mwito wa watu wanaovuta au kuinua kitu kizito kwa pamoja. Jomo Kenyatta alilifanya mwito wa taifa Kenya ilipojitawala mwaka 1963, na mpaka leo limo kwenye ngao ya nchi hiyo. Lakini wenzetu wameona pia linavyoweza kugeuka jukwaa la wakubwa. Sheria yao ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 iliwawekea mipaka katika kuchangisha, na Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais Ruto akatangaza kuwazuia maofisa wa serikali kushiriki harambee. Mimi sina ugomvi na kiongozi anayetoa. Ugomvi wangu ni na ratiba inayopangwa kumzunguka yeye, wengine wote wakabaki kupiga makofi.

Tulipokaa kupanga upya, mzee mmoja wa kamati akauliza swali rahisi: kwa nini tusifanye mnada? Aliyekulia huku anajua. Kanisani, ibada ikishaisha, waumini wanabaki nje kununua vilivyoletwa kama sadaka: mayai, miwa, magimbi, maziwa, mkungu wa ndizi. Asiye na fedha analeta alichovuna, mwenye fedha ananunua, na mara nyingi mnunuzi anakirudisha kiuzwe tena. Mkungu mmoja wa mshare unaweza kupita mikono minne kabla haujapata wa kuubeba. Hapo aliyeleta ndizi na aliyelipia wamechangia kitu kimoja, na hakuna anayejua amheshimu nani zaidi.

Tukaamua kuutoa mnada kanisani na kuupeleka uwanja wa shule, kwa sababu wazazi wetu ni wa dini zote. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba kushirikisha watu wote ni kazi ya mambo madogo madogo. Jumamosi ingewaacha nje Wasabato. Jumapili asubuhi ingewaacha nje wengine. Tukachagua Jumapili saa nane mchana, wiki ya Krismasi, wakati watoto wetu walioko Dar es Salaam, Arusha na Mwanza wamerudi nyumbani. Mbuzi alichinjwa na Mwislamu ili kila mtu ale sufuria moja, na pombe tukaiacha. Turubai la kukodi tulilokuwa nalo ni moja, basi likaenda kwa wazazi na kwa yeyote asiyevumilia jua. Sisi wa kamati tukasimama chini ya mgrevilea.

Uwanja wenyewe uko juu ya ngazi saba. Mwaka uliotangulia kijana mmoja wa kiti mwendo alinyanyuliwa na wanaume wanne kama gunia, watu wanamtazama. Safari hii fundi alimwaga kokoto na udongo pembeni, akashindilia, pakawa na mteremko. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Kijana alipanda mwenyewe. Mwalimu wa lugha ya alama tulimwomba wiki tatu kabla, na tukamlipa nauli na posho kama tulivyomlipa mtu wa muziki. Nasisitiza hilo la posho, maana mkalimani ndiye huwa wa kwanza kuambiwa ajitolee.

Uamuzi ninaojivunia zaidi ni wa dalali. Tulimpa kazi hiyo mvulana wa darasa la saba, haoni kabisa. Alifanya mazoezi wiki nzima. Alipapasa kila kitu kabla ya kukinadi: alikung'uta nazi sikioni, akapima mkungu kwa kuunyanyua, akahesabu vichane kwa vidole, kisha akatangaza. "Vichane tisa, ndizi ngumu, haijaguswa na ndege! Nani elfu tatu?" Wanunuzi aliwatambua kwa sauti. Mjomba mmoja alipojaribu kujibana mwishoni mwa umati, mvulana akamgeukia: "Wewe wa mwanzo, wa kahawa, mbona umenyamaza?" Uwanja mzima ukacheka na mjomba akapandisha. Hakuna shairi la huruma lililoghaniwa siku ile. Bei ziliandikwa pia kwa nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole, na wenzake wawili waliokaa na mhazini, kwa hiyo hesabu zilikuwa na madaftari mawili, na jioni yakalinganishwa.

Kwa walio mbali tulitumia simu. M-Pesa imekuwepo Kenya tangu 2007 na kwetu tangu 2008, na sote tumeona nguvu ya visenti vikikusanyika. Mwaka 2011 Wakenya walipochangia waliokumbwa na ukame kupitia Kenyans for Kenya, lengo lilikuwa shilingi milioni 500 za kwao ndani ya wiki nne, na wakalivuka. Sisi tulikubaliana jambo moja: jina la mtumaji litasomwa, kiasi hakitasomwa. Aliyetuma elfu moja na aliyetuma laki wakaitwa kwa pumzi moja. Kuna mwanakamati aliyeona tunawapoteza wakubwa kwa utaratibu huo. Sikubaliani naye hata leo.

Kuna wanaonishauri tuige mbio za hisani. Nazipenda. CRDB Bank Marathon, iliyoanza mwaka 2020, imesaidia watoto kupata matibabu ya moyo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na hilo ni jambo kubwa. Lakini mbio zinataka ada ya usajili, fulana na medali, na kijijini ada hiyo ni chakula cha nyumba. Tukifanya mbio, iwe matembezi ya kwenda mtoni na kurudi, kila mmoja na jiwe moja la msingi au ndoo ya mchanga. Mchanga nao ni mchango, na fundi anauhitaji.

Gharama za sherehe nizitaje kwa ufupi: zisomwe hadharani, kabla watu hawajatawanyika. Turubai, mbuzi, muziki, mkalimani, nauli. Tulizibandika ukutani kwa mtendaji wa kijiji pamoja na mapato, na maswali yaliyotufikia yalikuwa ya heshima.

Yule mama wa kikapu alikuja. Kuku wake aliuzwa elfu kumi na mbili, akarudishwa, akauzwa elfu kumi na tano, akarudishwa tena. Mwishowe alichukuliwa na kijana wa Dar es Salaam aliyetaka kumpelekea bibi yake. Kila mara mvulana alipomtangaza, mama alisimama ili watu waone ni wake.

Bweni limefika usawa wa madirisha. Linta, boriti ya zege ya juu ya madirisha, bado. Mnada mwingine ni Jumapili ya kwanza baada ya Krismasi, saa nane mchana, na mama ameshaniambia safari hii analeta tetea na vifaranga vyake.