Mto Mara: shangazi yangu naye apigiwe simu

Wiki iliyopita nilienda kwa shangazi, huku Kirumi, mkoani Mara, Tanzania, nikamkuta ameanika magodoro juani na gunia lake la mtama limeshaanza kuota. Maji yalipanda usiku. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nimejua mto umejaa pale nilipokanyaga maji nikishuka kitandani."

Hilo neno limenikaa mpaka leo maana mto Mara hauji kwa kushtukiza jamani. Unaanzia msitu wa Mau kule Kenya, mito ya Nyangores na Amala inakutana, unapita Maasai Mara, unakatiza Serengeti ndo unafika kwetu kuingia Ziwa Victoria, karibu kilomita 400 zote hizo. Kule juu mto ukijaa, huku tunakuwa na muda wa kuhamisha ng'ombe, kupandisha chakula darini na kuwatoa watoto. Muda upo, taarifa ndo hatupewi. Mnakumbuka mwanzoni mwa Mei 2024 mto Talek ulivyofurika, kambi za watalii zikazama na watu wakatolewa kwa helikopta, sote tuliona picha kwenye simu. Talek unamwaga Mara, maji yale yale yalikuwa njiani kuja kwetu! Shangazi anasema mwaka ule pia hakuna aliyekuja kumwambia kitu.

Haya, makubaliano yapo, siyapuuzi. Kenya na Tanzania zilisaini hati ya maelewano kuhusu bonde la mto huu 2015, Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iko Kisumu, na kila Septemba 15 tunaadhimisha Siku ya Mara tangu 2012, miti inapandwa, sawa. Mabwawa yajengwe wapi, hilo nalo watakaa waongee, na mkulima wa Bomet, kule juu Kenya, simnyimi maji yake hata kidogo. Ninachoomba mimi ni kidogo sana: anayesoma kipimo cha maji kule Kenya awe na namba ya mtendaji wa kijiji huku, na mtendaji ampigie mwenyekiti wa kitongoji usiku huohuo, sio isubiri kikao na ripoti. Na kiangazi mto ukinywea huku, sisi nasi tuwapigie wao.

Shangazi ameshachonga alama tatu kwa panga kwenye mwembe wa nyuma ya nyumba. Kila jioni anachukua tochi anaenda kuangalia maji yamefika alama ipi, ndo anarudi kulala.