Stelingi wa Cardiff na Herode wa Uyole

Kila tarehe 26 Desemba simu yangu huwa na ugomvi wa aina mbili. Wa kwanza ni wa Kiingereza: washabiki wa Doctor Who, mwaka ambao kipindi cha Krismasi kipo, wanachambua kilichorushwa jana yake, na ukiwasikiliza utadhani kuna mtu kauza shamba la ukoo bila kikao. Wa pili ni wa Kiswahili chenye Kinyakyusa ndani yake: kundi letu la watu wa Mbeya tulio nje linachambua video ya igizo la Krismasi la kanisani kwetu Uyole, nalo halina huruma. Mimi naishi Cardiff, mji wa Wales ambako hiyo Doctor Who inatengenezwa, kwa hiyo siwezi kuikwepa hata nikitaka. Maoni yangu, na najua yatawaudhi wenzangu wa kundini, ni kwamba ugomvi huu ni mmoja, na katika huo sisi ndio tunaotia aibu.

Kwa asiyeijua: Doctor Who ni sizoni ya BBC iliyoanza tarehe 23 Novemba 1963, Tanganyika na Zanzibar zikiwa bado hazijaungana. Ilisimama mwaka 1989, ikarudi 2005, na hadi leo watu wanagombana juu yake. Stelingi ni msafiri wa nyakati na sayari anayeitwa Daktari. Akifikia kufa, hafi. Anageuka sura, anakuwa mtu mwingine, na mwigizaji mpya anaendelea pale pale. Kwenye kibanda umiza cha Mwanjelwa nilikokulia jambo hili lingeleta fujo. Sheria pale ilikuwa moja tu: stelingi hafi. Akifa, watu wanadai hela yao. Waingereza wametafuta njia ya katikati, stelingi afe na asife, na hela hairudishwi. Sisi Tanzania Bara tulipata kituo cha kwanza cha televisheni mwaka 1994. Kufikia hapo wenzetu walikuwa wameshamaliza waigizaji saba wa nafasi hiyo hiyo.

Aliyeirudisha mwaka 2005 ni Russell T Davies, na washabiki humwita kwa herufi tu, RTD. Mtu wa rika langu akisoma kwamba RTD amerudi hewani, lazima kwanza aikumbuke redio ya babu yake, Radio Tanzania Dar es Salaam. Basi huyo RTD wa Wales ndiye aliyeanzisha desturi ya kipindi maalumu kila tarehe 25 Desemba. Ikaenda hivyo kila mwaka hadi 2017, ikahamishiwa Mwaka Mpya na bosi wa pili baada yake, kisha ikarudishwa Krismasi mwaka 2023 na 2024. Mwaka 2013 na mwaka 2017 Daktari aligeuka sura siku yenyewe ya Krismasi. Hebu fikiria familia imekaa, imeshiba, imevaa zile kofia za karatasi, halafu mtu waliyempenda kwa miaka anaondoka mbele ya macho yao kabla ya chai.

Sasa, kwa nini watu wazima wenye kazi na mikopo ya nyumba wachukie hivyo kwa sababu ya kipindi? Ni kwamba Krismasi ya huku ni siku ya ndani. Treni hazitembei, mabasi karibu yote yamelala, maduka makubwa yamefungwa, na saa kumi na nusu jioni jua limeshazama. Hakuna anayebisha hodi. Kwetu Desemba ni mvua, tope na palizi ya mahindi, lakini siku ile watoto wa mtaa mzima wanapita nyumba kwa nyumba na nguo za sikukuu, pilau hapa, ndizi na kuku pale, soda wanazihesabu. Ukiwa na neno moyoni una watu arobaini wa kulisemea. Huku una sebule, na kwenye sebule kuna runinga. Saa tisa mfalme anahutubia, na jioni, mwaka ambao kipindi kipo, Daktari anaokoa dunia. Hayo mawili ndiyo yaliyobaki ya kuwafanya watu wasiojuana waone kitu kimoja kwa saa moja.

Na hata hilo linapungua. Kipindi cha Krismasi cha mwaka 2007 kilitazamwa na watu zaidi ya milioni 13. Cha mwaka 2024 kilipata takribani milioni 4 jioni ile ile, wengine wakakifuata baadaye kwa wakati wao. Kuna wanaosema watu wamechoka kukaa pamoja, lakini siku hiyo hiyo kipindi cha vichekesho kilichokuwa kinafunga hadithi yake kilivuta zaidi ya milioni 12. Watu wanakaa wakiitwa vizuri.

Hicho cha 2024 ndicho kilicholeta maneno hasa nyumbani kwangu, kwa sababu binti yangu, aliyezaliwa hapa hapa Cardiff, ni mshabiki wa kufa na kupona. Daktari alikuwa Ncuti Gatwa, kijana aliyezaliwa Rwanda mwaka 1992, akakulia Scotland baada ya familia yake kukimbia mauaji ya kimbari. Mtu mweusi wa kwanza kuibeba sizoni kama stelingi wake. Mwaka mmoja kabla alikuwa amepigana na majini madogo yenye masikio marefu yaliyoiba mtoto mchanga na kumwimbia wimbo wa kumla, na washabiki wakagawanyika: wengine walicheka, wengine wakasema huo ni utoto. Mara hii kuna hoteli yenye milango ya kuingilia Krismasi za nyakati zote, na sanduku lenye mbegu ya nyota. Dada mmoja, Joy, ana jeraha la moyoni: mama yake alifia hospitali Krismasi ya mwaka 2020, wakati wa korona, na yeye aliruhusiwa kumuaga kwa skrini tu. Mwishoni anaichukua ile nyota ndani yake, anapaa nayo, na inapoonyeshwa inawaka juu ya mji, mji wenyewe ni Bethlehemu.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Wasio na dini walisema wameletewa mahubiri. Wenye dini walisema nyota ya mamajusi imefanywa mtambo. Wengine hawakujali nyota, waligombea hadithi kukimbia mno. Lakini karibu wote walikubaliana juu ya kipande kimoja cha katikati, ambako Daktari anakwama mwaka mzima kwenye hoteli ndogo ya London bila chombo chake cha kusafiria. Inabidi aishi siku moja baada ya nyingine kama sisi wengine: anarekebisha vitu vya hoteli, anafanya urafiki na dada wa mapokezi, na kila wiki wanakaa kwenye viti na kuzungumza. Hakuna dubwana wala bunduki. Mimi nililia pale, na sioni aibu. Mhamiaji yeyote aliyeanzia kazi za hotelini anakijua kile chumba, na anamjua yule mtu mmoja wa mapokezi aliyekuuliza jina lako na kulikumbuka kesho yake.

Binti yangu alikasirishwa na nyota. Aliona wamemuua Joy kwa urembo tu. Akampigia bibi yake Uyole kwa video kulalamika, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, na huko ilikuwa karibu saa nne usiku, mvua inapiga bati. Mama yangu hajawahi kuiona Doctor Who. Alisikiliza yote, sanduku, hoteli, hospitali, kisha akauliza, "Huyo mama yake alikuwa peke yake?" Akaambiwa ndiyo, bibi. "Basi mke mwenzangu, kamfuata mama yake asife peke yake. Ubaya uko wapi?" Uchambuzi niliousoma wiki nzima haukufika hapo. Lakini aliendelea: "Na ile ya Bethlehemu waulize, wachungaji wako wapi? Hawajaweka wachungaji?" Hapo mama alikuwa anasema kama mtu wa igizo, maana kwa miaka mingi ndiye aliyewashonea wachungaji mavazi.

Igizo letu nalijua vizuri. Hadithi ni ile ile kila mwaka, watu wanabadilika. Yusufu wa mwaka huu si Yusufu wa mwaka jana. Maria wa zamani ana watoto watatu sasa na anakaa kiti cha tatu akiangalia jinsi mrithi wake anavyomshika mtoto. Kila mtu ana lake la kusema. Herode hana sauti. Malaika kasahau mstari. Mamajusi wamechelewa kuingia kwa sababu mmoja alikuwa nje anajibu simu. Ibada ikiisha, kabla ya watu kufika barabarani, uchambuzi umeshakamilika, na aliyechambuliwa amesimama hapo hapo anasikia. Kuna kinga moja tu dhidi ya maneno, na kila mwenyekiti wa igizo anaijua: "Umesema Herode hana sauti? Vizuri. Mwakani Herode ni wewe." Nimeona wanaume wenye heshima zao wakitoweka kwa sentensi hiyo. Nimeona pia mmoja aliyekubali, akawa Herode bora kuliko wote niliowahi kuwaona. Watoto wa mstari wa mbele walihama viti.

Washabiki wa Doctor Who wanalaumiwa kwamba wao kazi yao ni kunung'unika tu. Si kweli, na ndiyo maana nawaheshimu. Mwaka 1986 kijana mmoja mshabiki alitokea kwenye televisheni ya BBC, akawakosoa waandishi wa kipindi usoni kwao. Jina lake Chris Chibnall. Ilichukua miongo mitatu, lakini wakamwambia: basi Herode ni wewe. Akawa bosi wa sizoni nzima, na ndiye huyo aliyekiondoa kipindi Krismasi na kukipeleka Mwaka Mpya, akatukanwa na washabiki wa rika alilokuwa nalo yeye alipokuwa anatukana. Peter Capaldi alikuwa kijana wa kuandikia magazeti barua za ushabiki, akaishia kuwa Daktari. David Tennant alianza kutamani uigizaji kwa sababu ya sizoni hii. Akawa Daktari, halafu akaoa binti wa Peter Davison, Daktari wa zamani, aliyekuwa ameigiza humo humo kama binti wa Daktari. (Ukoo huo kuuchora unahitaji mzee wa Kihehe na karatasi kubwa.) Maneno yao yana mlango wa kuingilia jukwaani.

Sasa turudi kwetu sisi wa kundini. Tunatumiwa video ya dakika nane, imetikisika, sauti ya spika inakwaruza, na kabla haijaisha mtu wa Reading, Uingereza, ameshaandika kwamba igizo limeharibika. Mtu wa Minnesota, Marekani, anakubali. Mwingine anasema enzi zetu kwaya ilikuwa kwaya. Hiyo ni sauti ile ile ya mshabiki anayesema hakuna Daktari baada ya Tennant, isipokuwa mshabiki yule angalau amekitazama kipindi chote. Na sisi tuna hoja moja ambayo hutolewa polepole, mwishoni, kwa heshima ya uongo: jamani, michango tulituma. Waingereza nao wana hoja hiyo. Kila nyumba inayotazama televisheni inalipa leseni, pauni 169.50 kwa mwaka huo wa 2024, na mtu akishalipa anaona amenunua haki ya kumpangia mwandishi. Lakini leseni inalipwa na wote, hata anayeigiza anailipa. Mchango wetu unatufanya watazamaji wa nyumbani kwetu wenyewe, tena watazamaji wa malipo, na nyumbani panakuwa sizoni tunayoisubiri kila Desemba ili tuseme msimu huu haukufikia ule wa mwaka wetu wa mwisho kabla ya kupanda ndege.

Naambiwa naonea watu, kwamba uchungu wa mbali ndio unaosema vile. Nakubali uchungu upo. Lakini spika inayokwaruza tuliinunua sisi, bila kuwauliza, wakati wao walikuwa wanaomba mabati ya ukumbi wa mazoezi, kwa sababu Desemba kule inanyesha na wanakwaya wanafanyia mazoezi chini ya mti.

Mwaka huo mwenyekiti wa igizo aliongezwa kundini, sijui na nani. Alisoma maoni yote, akanyamaza siku mbili, kisha akatuma ujumbe wa sauti. Akaanza na ndaga fijo kwa michango, akawasalimu watoto wetu, akaulizia baridi ya huko. Halafu akasoma majina, moja baada ya jingine, ya kila aliyeandika neno, na mbele ya kila jina akataja nafasi yake ya igizo la mwakani. Wa Reading ni Herode. Wa Minnesota ni mwenye nyumba ya wageni, kwa sababu ana mazoea ya kusema hakuna nafasi. Mazoezi yanaanza Jumamosi ya kwanza ya Desemba, atakayekuja afike na viatu vya tope.

Kundi limechangamka tangu hapo. Wanabishana kuhusu nauli, kama ni afadhali kuunganisha ndege hadi Songwe au kuteremka Dar na kupanda basi usiku, na kuna mtu anaapa kwamba hawezi tena kuupita Mlima Kitonga nyuma ya lori la shaba. Mimi, niliyedhani nimeandika kidogo, nimepangiwa miguu ya nyuma ya ngamia. Binti yangu anasema nafasi hiyo inahitaji mtu mwenye uzoefu, na ameomba ya mbele.