Feni imegeuziwa ukuta kisa ua

Wanaume wa Dar hebu tuongee. Hii Februari mnaijua, joto la kunata, unashuka kwenye daladala ulikosimama kwa mguu mmoja toka Posta, hutaki chakula wala salamu, unataka feni tu. Unafika sebuleni feni inapuliza ukuta. Kisa nini? Kuna ua.

Anthuriamu hiyo. Mama watoto kalinunua kwa wale vijana wa miche pembeni ya barabara, 35,000, na hapo ni baada ya kuvutana bei. Kaambiwa lisipigwe na upepo wa feni, litakauka. Kwao eti ni misitu ya Kolombia na Ekwado huko, linapenda joto na hewa yenye unyevunyevu. Yani katika vitu vyote vya kuleta ndani tumeleta kitu ambacho hili fukuto la Dar ndo raha yake! Mimi natiririka, lenyewe linang'aa kama limepakwa mafuta ya nazi.

Af kumbe lile jekundu tunalolisifia wala si ua, ni jani. Maua yenyewe ni vile vitu vidogo vidogo vilivyobanana kwenye kijiti cha katikati, bila miwani huvioni. Kwa hiyo tumenunua jani kwa 35,000, na mchicha unapita mlangoni kila asubuhi.

Maji ndo usiseme. Kisima chetu kina chumvi, ncha za majani zikaanza kuungua, ikatoka amri linywe maji ya dumu la kununua. Mimi nikiuliza maji naelekezwa kwenye sufuria ya kuchemshia. Na halinyweshwi hovyo, kwanza kidole kinaingia kwenye udongo, pakikauka juu ndo linapewa, ukizidisha mizizi inaoza. Mimi sijawahi kuona mtu anakuja kunipima nimekauka kiasi gani.

Kazi yangu ni kumwaga maji ya kisahani cha chini, hiyo siipingi, nakumbuka dengi ya 2019, wale mbu wa mchana maji safi yaliyotulia ndo wodi yao ya wazazi.

Mtoto naye anatia kila kitu mdomoni, na hilo jani ukilitafuna mdomo unawaka, basi ua likapandishwa juu ya stendi karibu na dirisha, tivii ikashushwa kwenye kigoda. Simba na Yanga naangalia nimeinama shingo.

Jirani yangu ana waridi la jangwani, la huku huku kwetu, kalipanda kwenye kopo la rangi lililotoboka, linapigwa jua siku nzima, maji linapewa akikumbuka, na limejaa maua ya pinki mpaka wapita njia wanalipiga picha. Nikashauri tuhamie huko. Nikaambiwa sina testi.

Sasa juzi anthuriamu imetoa chipukizi pembeni. Nikasema afadhali, tutauza hela irudi. Wapi! Limetengwa, likapewa chungu chake, na kwa vile bafuni kuna unyevu na dirisha, ndo likawekwa huko, pale pale pa ndoo yangu. Leo naoga nimejibana ukutani, nasikia mlango unagongwa, nikadhani kuna simu yangu.

"Baba nanii, sabuni isilirukie!"